Unapotafuta Mtandaoni Usipate: Kutoka Dalili hadi Chanzo

Mtu anapoandika maneno kwenye injini ya utafutaji akakosa alichokitaka, aghalabu huyaandika maneno yaleyale upya, au hukata tamaa na kusema kwamba habari hiyo haipo mtandaoni. Nimewahudumia wasomaji maktabani kwa miaka mingi, na mara nyingi nimeona kuwa habari ipo. Kisichojulikana ni mahali njia ilipokatika. Utafutaji hukwama katika mojawapo ya sehemu tatu. Huenda ukurasa haumo katika faharasa ya injini, ile orodha ya kurasa ilizokwisha kuzisoma, yaani roboti zake (programu zinazopita mtandaoni kukusanya kurasa) hazijaufikia au zimezuiwa kuusoma. Huenda umo, lakini maneno uliyoandika siyo aliyoyatumia mwandishi wake. Au umo na maneno yanalingana, ila injini imeupanga nyuma ya kurasa nyingine nyingi kiasi kwamba hutaufikia. Machoni pa mtafutaji mambo haya matatu yanafanana, lakini kila moja lina tiba yake, na anayekimbilia injini nyingine kabla ya kujua chanzo ni kama anayemeza dawa ya malaria kabla ya kupimwa.

Matokeo hayagusi unachotaka, ingawa unajua kuwa wengi wameandika juu yake

Anza kwa kuyashuku maneno yako mwenyewe. Hapa ndipo watafutaji wa Kiswahili hupoteza muda mwingi kuliko mahali pengine popote, na sababu imo ndani ya lugha yetu. Katika Kiingereza, wingi na nyakati huonekana zaidi mwishoni mwa neno, kwa hiyo kompyuta inaweza kuukata mkia wa neno na kubaki na shina. Katika Kiswahili neno hubadilika kuanzia kichwani: mkulima, wakulima, analima, walilima, hulimwa, kilimo. Sisi tunajua kwamba yote yametoka katika kulima, na kamusi zetu hutupeleka huko, lakini injini inayolinganisha herufi huyaona kama maneno sita yasiyo na undugu. Injini za siku hizi zinajitahidi kutambua maana na si herufi tu, lakini zinaifanya kazi hiyo vizuri zaidi katika lugha zenye maandishi mengi mtandaoni. Jaribu kutafuta kwa neno mkulima, kisha kwa neno wakulima, ulinganishe kurasa kumi za kwanza, nawe utaiona tofauti.

Wengine hujaribu kinyota, wakidhani kwamba *lima italeta kila neno linaloishia hivyo. Katika Google kinyota husimama mahali pa neno zima ndani ya kifungu cha maneno, wala hakijazi sehemu ya neno, kwa hiyo hapa hakisaidii. Kinachosaidia ni kuchagua maneno yasiyobadilika. Nomino nyingi za ngeli ya I-ZI zina umbo moja katika umoja na wingi: mbegu, mbolea, ardhi, kodi, sheria, bima. Neno la namna hii likiwa ndio nguzo ya utafutaji wako, unapata kurasa za mwandishi aliyesema moja na za yule aliyesema nyingi. Maneno yanayobadilika yaunganishe kwa OR (yaani “au”), kwa herufi kubwa, hivi: mbolea (mkulima OR wakulima). Pia pendelea jina la tendo kuliko sentensi unayoizungumza. Anayeandika “nataka kufuga nyuki nifanyeje” anatafuta kwa lugha ya muulizaji, ilhali bwana shamba aliyeandika mwongozo aliuita ufugaji wa nyuki, au ufugaji nyuki bila kiunganishi. Tofauti hiyo ndogo ya “wa” ina uzito pale unapotumia alama za kunukuu, kwa sababu alama hizo huidai injini maneno yaleyale kwa mfuatano uleule.

Kisha kuna suala la nchi. Mtanzania huandika muswada wa sheria, Mkenya huandika mswada. Eneo ambalo Tanzania huitwa kata, Kenya huitwa wadi. Kitabu cha shule cha Kenya kinaweza kusema tarakilishi mahali ambapo cha Tanzania kinasema kompyuta. Hakuna anayekosea hapo, lakini anayetafuta kwa neno la upande mmoja hujifungia nje ya maandishi ya upande wa pili.

Nitoe mfano mmoja kwa ukaribu. Mzee mmoja kutoka Mkuranga alikuja maktabani na mjukuu wake, akatoa mfukoni muhogo aliokuwa ameuchimba asubuhi na kuukata vipande viwili. Nyama yake nyeupe ilikuwa na mabaka ya kahawia, makavu na magumu mithili ya kizibo cha chupa, na kwa maelezo yake shina na majani hayakuwa yameonyesha ubaya wa kumtisha mtu. Mjukuu alikuwa ameandika kwenye simu “muhogo unaoza ndani lakini majani mazima”, akaletewa faida za kula muhogo, mapishi, na namna ya kuuhifadhi baada ya kuvuna.

“Mwanangu, mtandao wenu haujui muhogo,” mzee akaniambia.

“Unaujua, mzee, lakini kwa jina jingine,” nikamjibu.

Tulianza na utafutaji mpana, magonjwa ya muhogo, na tukasoma matokeo ya kwanza kwa lengo moja tu: kuokota majina wanayotumia wataalamu. Majina mawili yakajitokeza kila mahali, batobato na michirizi ya kahawia. Maelezo ya lile la pili yalilingana na kile kipande kilichokuwa mezani. Utafutaji wa pili ukawa: muhogo ("michirizi ya kahawia" OR "michirizi kahawia") site:go.tz. Hiyo site:go.tz ya mwishoni hubakiza tovuti za serikali ya Tanzania tu. Sasa mzee akawa anasoma maelezo ya kitaalamu kwa lugha yake, kuhusu inzi weupe wanaoeneza virusi na kuhusu kutopanda vipando vilivyotoka katika shamba lenye ugonjwa. Kama angekuwa mwanafunzi wa shahada, ningemwongezea hatua ya tatu, yaani jina la Kiingereza, cassava brown streak disease, kwa sababu ugonjwa huu ulielezwa kisayansi mwaka 1936 na H. H. Storey katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, na sehemu kubwa ya tafiti zilizofuata haikuandikwa kwa Kiswahili.

Hizo hatua mbili, kwanza kutafuta jina na baadaye kutafuta habari, ndizo ninazomfundisha kila mtu kabla ya alama yoyote ya kitaalamu. Mwaka 1972 Karen Spärck Jones wa Uingereza alionyesha kwamba neno adimu linabeba uzito mkubwa kuliko neno lililotapakaa kila mahali, na wazo hilo limebaki kuwa msingi wa namna injini zinavyopima maneno. Neno “ndani” na neno “mazima” yako katika mamilioni ya kurasa. “Michirizi” haliko kwingi.

Matokeo ni mengi, lakini ni ya lugha nyingine au ya jambo jingine kabisa

Baadhi ya maneno yetu yana pacha katika lugha nyingine. Kata ni “neno” kwa Kiindonesia, na pia ni jina la mpangilio wa mazoezi ya karate. Duka kwa Kiindonesia ni huzuni. Moto ni jina la simu za Motorola. Simba ni mnyama, ni klabu ya Kariakoo, na ni mhusika wa filamu. Ukiandika neno la namna hii likiwa peke yake, injini hukisia, na makisio yake hufuata wingi wa maandishi, ambao hauko upande wetu.

Tiba ni kulizungushia neno Kiswahili. Kifungu kama “kuzima moto nyumbani” au “ofisi ya mtendaji wa kata” hakiachi shaka kuhusu lugha. Vihusishi vidogo kama vya, kwa na katika, ambavyo miongozo ya Kiingereza hukushauri uviache, kwetu vina kazi ya kuitambulisha lugha, kwa hiyo uviandike. Pale unapojua kinachokuingilia, kiondoe kwa alama ya kutoa: kata -karate. Na kama injini imekubadilishia neno kwa kudhani umekosea tahajia, usiendelee kusoma matokeo yake. Bonyeza kiungo kinachokurudisha kwenye neno lako la awali, au ulitie neno ndani ya alama za kunukuu. Angalia pia kibodi ya simu, kwani mara nyingi anayebadilisha neno la Kiswahili kuwa la Kiingereza ni yeye, hata kabla injini haijaliona.

Umetumia alama za utafutaji, lakini injini inazipuuza

Mara nyingi chanzo ni nafasi. Andika site:go.tz bila nafasi baada ya nukta pacha. Ukiacha nafasi, injini huichukua site kama neno la kawaida. Alama ya kutoa huwa kinyume: inahitaji nafasi kabla yake na iguse neno linalofuata. OR iwe kwa herufi kubwa. Alama ya kujumlisha, ambayo miongozo ya zamani huisifu kwa kulazimisha neno liwepo, Google iliiondolea kazi hiyo mwaka 2011, na nafasi yake ikachukuliwa na alama za kunukuu. Ukikuta mwongozo unaoendelea kuifundisha, ujue haujafanyiwa marekebisho kwa muda mrefu. Si kila injini inazikubali alama zote, kwa hiyo uhamapo kutoka injini moja kwenda nyingine, soma ukurasa wake wa msaada kwanza.

Umeweka mipaka, na sasa unachokitafuta kimetoweka

Mpaka mzuri huokoa siku nzima ya kazi: site:ac.tz kwa vyuo vya Tanzania, site:go.ke kwa serikali ya Kenya, filetype:pdf kwa ripoti na miongozo, intitle: kwa neno lililo katika kichwa cha ukurasa. Lakini mpaka hukata bila huruma. Mtafiti anayetaka takwimu za sensa ya Kenya akaandika site:go.ke ataukosa mlango mkuu, kwa sababu Shirika la Taifa la Takwimu la Kenya liko knbs.or.ke. Tume ya uchaguzi ya nchi hiyo nayo iko iebc.or.ke. Upande wa Tanzania, Ofisi ya Taifa ya Takwimu iko nbs.go.tz, kwa hiyo mtu aliyezoea mpangilio wa nchi moja hudanganyika anapovuka mpaka. Anza bila mpaka, uone taasisi husika inaishi katika anwani gani, ndipo uufunge mlango.

Filetype:pdf nayo ina udhaifu unaowasumbua sana wanafunzi wa historia. Nyaraka nyingi za zamani ni picha za karatasi zilizopitishwa kwenye skana. Kama kompyuta haijazisoma herufi zake, kwa injini waraka huo ni picha tupu, na hata zikisomwa, herufi zilizofifia huzaa makosa. Tafuta kwa kichwa cha waraka, mwaka na taasisi, usitegemee sentensi iliyomo ndani.

Jibu lililo juu kabisa ni la zamani au halilingani na jingine

Chukua swali la idadi ya watu wa Tanzania. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 44,928,923, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 61,741,120. Ukurasa ulioandikwa kabla ya matokeo ya 2022 unaweza kuendelea kuishi mtandaoni, ukiwa na viungo vingi vinavyouelekea, na viungo ni mojawapo ya mambo yanayoupandisha ukurasa tangu Larry Page na Sergey Brin walipoijenga Google mwaka 1998 juu ya wazo hilo. Zaidi ya hayo, mashirika ya kimataifa hutoa makadirio ya kila mwaka, ambayo si hesabu ya sensa. Kwa hiyo namba tatu tofauti zinaweza kuwa sahihi zote, kila moja kwa mwaka wake na kwa njia yake ya kuhesabu. Kosa ni kunukuu namba bila vitu hivyo viwili.

Ongeza mwaka katika maneno yako, au tumia after:2022 au before:2013 kuchuja. Ujue tu kwamba injini huikisia tarehe kutokana na ukurasa wenyewe, na tovuti nyingine hubadilisha tarehe bila kugusa habari. Muhtasari unaoandikwa na akili bandia juu ya matokeo ushughulikie kama maneno ya mpita njia aliyekuelekeza: yanaweza kukufikisha, lakini unapaswa kuuona mlango mwenyewe. Fungua chanzo, ukitafute kile kifungu ndani yake, na usome aya iliyotangulia na inayofuata. Nimeshuhudia wanafunzi wakinukuu muhtasari uliolihusisha jedwali na mwaka usio wake, na kosa likaonekana mara tu jedwali lenyewe lilipofunguliwa. Matokeo yaliyolipiwa nayo huwekwa alama. Yasome kama matangazo.

Ukurasa ulikuwepo, sasa haufunguki

Wizara huunganishwa na kutenganishwa, na tovuti zake huhama nazo. Wizara ya Kilimo, Mifugo na Uvuvi ya Tanzania, kwa mfano, iligawanywa kuwa wizara mbili mwaka 2017. Zamani Google ilikuwa ikitunza nakala ya ukurasa, lakini kiungo hicho kiliondolewa mwaka 2024. Leo mahali pa kwenda ni Wayback Machine ya Internet Archive, taasisi iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996. Bandika anwani ya zamani katika web.archive.org, kisha uchague tarehe. Kama anwani kamili huikumbuki, weka anwani ya ukurasa wa mwanzo wa taasisi, ufungue nakala ya mwaka unaoutaka, na ushuke kiungo kwa kiungo.

Kila injini inaleta yaleyale, na hujui ipi ni bora

Hapa watu wengi hudanganywa na majina. Yahoo hutegemea matokeo ya Bing, na DuckDuckGo nayo huchota sehemu kubwa huko huko, ilhali Startpage huleta matokeo ya Google bila kukutambulisha kwake. Tarehe 23 Mei 2024 huduma ya Bing ilipopata hitilafu, utafutaji wa DuckDuckGo na Ecosia ulikwama pia, na siku hiyo ndiyo iliyowaonyesha wengi kisima ni kipi na ndoo ni zipi. Ukitaka maoni ya pili yaliyo ya pili kweli, linganisha injini zenye faharasa zake: Google, Bing, Brave, Mojeek, Yandex. Anayechagua DuckDuckGo au Startpage kwa ajili ya faragha yake ana sababu nzuri, ila asidhani ameongeza kurasa.

Kupima ubora kuna njia iliyokomaa. Katika miaka ya 1960 Cyril Cleverdon na wenzake huko Cranfield, Uingereza, walipima mifumo ya utafutaji kwa vipimo viwili ambavyo vinatumika hadi leo. Cha kwanza ni usahihi: katika yaliyoletwa, mangapi yanafaa? Cha pili ni ukamilifu: katika yote yanayofaa, mangapi yameletwa? Andika maswali kumi ya kazi yako halisi. Mengine yawe na jibu moja unalolijua, kama ile hesabu ya sensa, na mengine yahitaji kurasa nyingi, kama ule ugonjwa wa muhogo. Kabla ya kutafuta, andika ni ukurasa wa namna gani utauhesabu kuwa unafaa, kwani ukiamua baada ya kuona matokeo utaipendelea injini uliyoizoea. Tumia dirisha la hali fiche ili historia yako isiingilie, ingawa mahali ulipo bado patajulikana. Nakili anwani kumi za kwanza kutoka kila injini, na ikiwezekana mpe mwenzako azihukumu bila kujua zimetoka wapi.

Tuseme injini moja imeleta kurasa 6 zinazofaa kati ya 10. Usahihi wake ni asilimia 60. Ukamilifu ni mgumu, kwa kuwa hakuna anayejua kurasa zote zilizopo duniani. Mashindano ya utafiti ya TREC, yaliyoanza Marekani mwaka 1992, hulishinda tatizo hilo kwa kuchanganya matokeo ya mifumo mingi katika kapu moja, na wewe unaweza kufanya vivyo hivyo. Ikiwa injini zote kwa pamoja zimekupa kurasa 15 tofauti zinazofaa, ile iliyoleta 6 ina ukamilifu wa asilimia 40 kwa kulinganishwa na wenzake. Idadi ya mamilioni inayotangazwa juu ya matokeo usiihesabu kabisa. Ni makadirio, na ukiendelea kufungua kurasa za matokeo utafika mwisho mapema sana.

Kapu hilo linakurudisha kwenye chanzo. Usahihi ukiwa chini katika injini zote, tatizo ni maneno yako. Ukiwa chini katika injini moja tu, tatizo ni mpangilio wake au uchache wa Kiswahili ndani yake. Lakini kama kuna waraka unaojua kuwa upo na hakuna injini hata moja iliyouleta, basi huenda haumo katika faharasa.

Ukurasa haumo katika faharasa

Thibitisha kwanza. Andika site: ikifuatiwa na anwani ya ukurasa, au kichwa chake ndani ya alama za kunukuu. Ukikosekana kwa njia zote mbili, na katika injini zaidi ya moja, acha kubadilisha maneno. Mazungumzo ya makundi ya WhatsApp, kurasa zinazohitaji nywila, na hifadhidata zinazofunguka tu baada ya kujaza fomu hazifikiwi na roboti. Hapo unakwenda mlangoni kwenyewe na kutafuta kwa kisanduku cha ndani. Hukumu za mahakama za Tanzania zitafute ndani ya tanzlii.org, na za Kenya ndani ya kenyalaw.org, ambako unaweza kuchuja kwa mahakama na mwaka, jambo ambalo injini ya jumla haiwezi kukufanyia kwa uhakika. Na ikiwa taasisi ina maktaba au masjala, piga simu ukiwa na kichwa cha waraka, mwaka na namba ya kumbukumbu mkononi. Mhudumu wa masjala humsaidia haraka zaidi aliyekuja na vitu hivyo vitatu kuliko aliyekuja na malalamiko kwamba mtandaoni hakuna kitu.